Mchagua Nazi Hupata Koroma: Swali la Ng'ambo na Jibu la Fasihi Yetu

Utangulizi

Ukipita Ng'ambo, mjini Tabora, siku ambayo nyumba moja imejaliwa mtoto, utasikia swali moja likivuka ua hata ua: "Kapata nini?" Mimi nimezaliwa na kulelewa katika mtaa huo, na swali hilo nimelisikia tangu sijaanza shule. Sikuwahi kulifikiria kuwa ni jambo la kuhakikiwa. Nililichukulia kama salamu tu, sawa na "habari za asubuhi".

Muhula uliopita, katika semina yetu juu ya mwanamke katika fasihi ya Kiswahili, mwenzetu mmoja, msomaji hodari kabisa, alisema kwamba habari ya wazazi kuchagua jinsi ya mtoto kabla hajazaliwa ni ya Wahindi na Wachina. Sisi, alisema, tunazaa anachotoa Mungu. Kwa hiyo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana la kusema juu yake. Darasa likaitikia. Mimi nilinyamaza, maana wiki ile ile dada yangu alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani, na nilikuwa sijui niseme nini mbele za watu.

Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kuchagua jinsi ya mtoto huanza ulimini kabla ya kufika kwenye mashine, na ulimi ni shamba letu sisi wanafasihi. Pili, waandishi wetu wameliona jambo hili, ila sisi wahakiki tumeliruka. Tatu, juhudi za serikali, za wenzetu na zetu, hufaulu au hushindwa kwa kadiri zinavyogusa sababu za swali lile la Ng'ambo.

Sarufi ya swali

Tuanze na lugha yenyewe. Mwarabu hawezi kusema kwamba mtoto amelala bila kitenzi chake kufichua kama aliyelala ni wa kike au wa kiume. Mwingereza naye akishaacha jina na kushika kiwakilishi, lazima achague. Mswahili halazimishwi na chochote. Anasema "amelala", "anacheka", "anafanana na bibi yake", na hakuna aliyejua jinsi. Mtoto, mjukuu, ndugu, mpwa, mzazi, mkwe: maneno yote haya yako katika ngeli ya kwanza, na ngeli ya kwanza haibagui. Mtu anaweza kusimulia maisha ya binadamu tangu mimba hadi kaburini kwa Kiswahili safi bila kutaja kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Hivyo basi, anayeuliza "kapata nini?" hasukumwi na sarufi. Anasukumwa na jamii. Lugha ilimwacha huru, naye akarudi mwenyewe kuuliza.

Tena tazama neno alilolichagua. Haulizi "kampata nani?" Anauliza "nini". Katika Kiswahili "nani" huulizia mtu na "nini" huulizia kitu. Najua mtu atanijibu kwamba ndivyo isemwavyo tu, na kwamba muulizaji hana nia mbaya. Nakubali. Lakini sisi tumefundishwa kwamba mazoea ya lugha ndiyo mahali ambapo itikadi hujificha bila kuonekana. Mwenye nia mbaya huchagua maneno. Asiye na nia yoyote hutumia yale aliyoachiwa.

Na majibu je? Wengine hushika utani: mtoto wa kike anaitwa "mchumba", babu anamwita "mke wangu". Wahakiki wa haraka wangeng'ang'ania hapo na kusema mtoto ameshaozwa siku ya kwanza. Mimi sitafanya hivyo, kwa sababu bibi naye humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na utani wa mabibi na wajukuu ni mali ya pande zote mbili. Ushahidi uko kwingine, katika maneno madogo yanayofuata. Akizaliwa wa kiume, watu husema "hongera". Akizaliwa wa kike, hasa wa pili au wa tatu, husema "si haba", husema "mradi uzima", husema "Mungu atamjalia mwingine". Sikiliza vizuri maneno hayo. "Si haba" ni neno la mtu aliyepata pungufu akashukuru. "Mungu atamjalia mwingine" ni neno la msibani. Yaani mama yuko kitandani, mtoto mzima analia, na majirani wanampa pole.

Jina analopewa

Kwetu tulizaliwa wasichana watano, kisha mvulana mmoja. Wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Wa tatu aliitwa Tatu. Wa nne ni mimi. Shuleni nina jina langu la kawaida, lakini nyumbani hadi leo naitwa Tosha. Wa tano aliitwa Sikudhani. Alipozaliwa mdogo wetu wa kiume, jina lake lilikuwa tayari limekaa ndani ya nyumba miaka kumi na moja likimngojea. Lilikuwa la babu. Sisi majina yetu yalitafutwa siku tuliyofika.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Baba yangu alitusomesha wote, na aliuza mpunga ili mimi nije chuo kikuu. Nasema kwa sababu jina la nyumbani ni utungo mfupi kuliko yote katika fasihi simulizi: neno moja, mtunzi mmoja, na hadhira inayolirudia kila siku maisha yote. Tosha ni utungo. Maudhui yake ni ombi, na anayeombwa si mimi.

Waandishi wetu wanaijua fani hii. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alikuwa anaandika juu ya mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, na kuitwa na wazazi wake Mtumwa. Siti ni jina lililokuja baadaye, pamoja na sauti yake na sifa zake. Tunapousoma wasifu ule darasani tunaharakia muziki, santuri za Bombay, na kufa kwake mwaka 1950. Mimi naomba tusimame kidogo mlangoni. Kati ya Mtumwa na Siti kuna safari ndefu kuliko ya kutoka Fumba hadi mjini, na mwandishi alijua kwamba kumwandikia wasifu mwanamke wa aina hiyo ni kumpa jina mara ya pili.

Penina Muhando katika Nguzo Mama, mwaka 1982, aliwaita wanawake wa kijiji chake Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Wahakiki wengi wanasema namba hizo ni ishara ya mwanamke yeyote, mahali popote. Ni kweli, lakini kwa msomaji aliyetoka nyumba yenye Tatu, hiyo si ishara tu, ni uhalisia. Namba ni jina la mtoto ambaye wazazi walikuwa wanahesabu kuelekea kwa mwingine.

Nazi kutoka pwani

Sasa kidogo juu ya mahali, maana swali halikuanguka kutoka mbinguni. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo unafika Unyanyembe, kisha njia moja inakwenda Ujiji na nyingine inapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pamoja na vitambaa na shanga yalikuja maneno. Methali niliyoiweka juu ya makala haya ni mojawapo. Mnazi si mti wa kwetu. Kwetu ni miembe, asali na tumbaku. Lakini bibi yangu, ambaye hajawahi kuiona bahari, husema mchagua nazi hupata koroma kana kwamba minazi iko nyuma ya choo chake. Methali ilisafiri vichwani mwa wapagazi ikafika mzima kuliko bidhaa nyingine.

Wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi kwa wingi. Katika karne ya 19 safari ya pwani ilikuwa kipimo cha uanaume. Kijana ambaye hajaenda pwani na kurudi alikuwa bado ni mtoto hata kama ana ndevu. Bega la kubebea pembe lilikuwa mtaji wa nyumba. Si ajabu basi kwamba nyumba ilihesabu mabega. Binti naye alihesabiwa, lakini kwa hesabu nyingine: mahari. Mpaka leo wapo wazee watakaokwambia kwamba Wanyamwezi hawajapata kumdharau mtoto wa kike, kwa sababu binti ni ng'ombe. Wanalisema hilo kwa fahari. Mimi nalisikia kama mhakiki, nalisikia pia kama binti. Ng'ombe anathaminiwa sana, lakini hajapata kuulizwa.

Hata hivyo historia ya njia ile ile inatukatalia kusema kwamba mwanamke alikuwa si kitu. Wanawake walitembea katika misafara, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipokufa mwaka 1893 akipigana na Wajerumani, aliyekalia kiti baada yake alikuwa mwanamke, Nyaso. Najua mkono wa Wajerumani ulikuwemo, na sitaki kumfanya Nyaso kuwa bango. Nasema tu kwamba mawazo ya mwanamke kukaa mahali pa mtemi hayakuhitaji kuletwa Tabora na semina ya jinsia.

Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na kazi ya bega ikafa. Pembe, chumvi na vitambaa vikapanda gari moshi. Ajabu ni kwamba swali halikupanda nalo. Limebaki uani, likiulizia bega ambalo hakuna tena mzigo wa kulitwisha.

Rosa, na watoto wawili wa Shaaban

Nimesema waandishi wameliona jambo hili na wahakiki tumeliruka. Mfano wangu mkubwa ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kwa muda ikazuiwa mashuleni. Sote tumejibu swali la mtihani juu ya riwaya hii, na sote tumeandika jibu lile lile: malezi ya ukali humharibu mtoto. Zakaria alimpiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, Rosa akakua bila kujua wanaume, alipopata uhuru akapotea, mwisho akajiua. Maksi kumi kwa kumi.

Jibu hilo si la uongo, lakini linamwacha msomaji akiamini kwamba Zakaria angekuwa mpole kidogo mambo yangekuwa mazuri. Mimi nauliza: Zakaria alikuwa analinda nini? Nyumba ya Zakaria ina mabinti wengi na mtoto wa kiume mmoja. Baba yule hawalindi wale mabinti kama watu watakaokaa ndani ya maisha yake. Anawalinda kama mzigo wa mtu mwingine ambao lazima ufike salama, haujafunguliwa. Fimbo ya Zakaria na "si haba" ya majirani wa Ng'ambo ni za ukoo mmoja. Zote zinaanza katika fikra kwamba binti ni mpita njia katika nyumba ya baba yake. Ukali ni dalili tu. Tumekuwa tukitibu dalili katika kila karatasi ya mtihani tangu kidato cha tatu.

Kuna upande wa pili, na ni haki kuutaja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi. Mengi tumesema juu ya mawaidha yake kwa mume na utii, na wengine wetu tumemhukumu vikali. Lakini kabla ya kuhukumu maudhui, tutazame tendo lenyewe: mama mgonjwa anamwita binti, sio mwana, aketi karibu na achukue wino na karatasi. Binti ndiye mrithi wa maneno. Na Shaaban Robert, karibu miaka mia baadaye, alitunga tenzi mbili: Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake. Kwa kila mtoto utenzi wake. Mtu anaweza kubishana na mashauri aliyompa binti, na mimi ningebishana nayo. Lakini hakuna "si haba" katika tendo la kukaa chini na kumtungia mtoto wa kike sawa na wa kiume. Kama tungekuwa tunatafuta mahali ambapo fasihi yetu ilijibu swali la "kapata nini", ni hapa. Shaaban alipata watoto.

Serikali na mdomo wa daktari

Turudi kwa mwenzetu wa semina na Wahindi wake. Mwaka 1990 mwanauchumi Amartya Sen aliandika kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 hawapo duniani ambao kwa hesabu za kawaida wangekuwepo. Wengine walikufa wadogo kwa kunyimwa chakula na dawa. Baadaye, kipimo cha kuonyesha mtoto tumboni kilipoenea, wengine hawakuzaliwa kabisa.

Serikali zilijaribu kuzuia. Bunge la India lilipitisha mwaka 1994 sheria ya kukataza kupima mimba kwa nia ya kujua na kuwaambia wazazi jinsi ya mtoto, na mwaka 2003 ikaimarishwa. Lakini katika sensa ya 1991 kulikuwa na wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka saba. Mwaka 2001 wakawa 927. Mwaka 2011 wakawa 919. Sheria ilikuwepo na wasichana wakazidi kupungua. Mwaka 2015 serikali ya huko ikaanzisha kampeni ya kuokoa binti na kumsomesha, yaani ilitambua kwamba kufunga mdomo wa daktari hakutoshi.

Korea Kusini nayo ilikataza mwaka 1987 daktari kumwambia mzazi jinsi ya mtoto aliye tumboni. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1990, walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100. Lakini kufikia mwaka 2007 hesabu ilikuwa imerudi karibu na 106, ambayo ni ya kawaida. Kilibadilika nini? Katazo lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni nyumba: wasichana walisoma, wakafanya kazi mijini, wakawatunza wazazi wao wenyewe, na sheria ya ukuu wa kaya iliyomfanya mwanamume kuwa nguzo ya daftari la familia ikapingwa mpaka ikafutwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2008. Mwezi Februari 2024 mahakama ya katiba ya nchi hiyo iliondoa katazo lililobaki, kwa kuwa kile lilichokusudia kukizuia kilikuwa kimefifia.

Mhakiki wa fasihi anaona nini hapa? Anaona kwamba India na Korea zilianza kwa kudhibiti jibu na kuliacha swali. Daktari alikatazwa kujibu "nini", lakini mama mkwe hakukatazwa kuuliza. Na cha kuchekesha ni kwamba sheria ile ingekuwa nyepesi mno kuitii kwa Kiswahili. Daktari wetu angesema "mtoto anaendelea vizuri, moyo wake unapiga sawasawa", na asingekuwa amedanganya wala kuficha. Lugha yetu ilishaandika sheria hiyo zamani. Sisi ndio tunaoivunja.

Na kwetu je?

Atasema mtu: lakini kwetu wasichana hawapungui. Ni kweli. Katika sensa ya 2022 Tanzania ilihesabu watu 61,741,120, na wanawake walikuwa 31,687,990, zaidi ya nusu. Hiyo ni hesabu ya watu wa umri wote, kwa hiyo haipimi mimba. Lakini hata ukitazama uzazi, katika Afrika kusini mwa Sahara huzaliwa kwa wastani wavulana kama 103 kwa wasichana 100. Hakuna dalili ya kuchagua kwa wingi.

Ila tuulize sababu. Je, ni kwa kuwa hatubagui, au ni kwa kuwa hatujahitaji mashine? Mwenye kuzaa watoto saba hana haja ya kuchagua. Ataendelea mpaka apate, na asipopata kuna mke wa pili. Kwetu uchaguzi hufanywa kwa kuongeza, si kwa kupunguza. Tatu, Tosha na Sikudhani ni hatua katika kuongeza huko. Sasa uzazi unashuka: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto 6.2, na utafiti wa 2022 ulipata 4.8. Kanda ya Magharibi bado iko juu, lakini mtu wa mjini leo anataka watoto watatu. Katika watoto watatu, nafasi ya kuendelea mpaka apatikane "babu" ni finyu. Na kipimo cha ultrasaundi kiko mjini, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuichanga. Swali la zamani likikutana na familia ndogo na mashine, ndipo India ilipoanzia. Mwenzetu wa semina alitazama tulipo. Mimi naomba atazame tunakoelekea.

Serikali yetu haijakaa bure, wala haijamaliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza katika kesi ya Ephrahim na Pastory iliamua kwamba mwanamke wa Kagera aliweza kuuza shamba la urithi kama mwanamume. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi katika daraja tatu, na mabinti wakawekwa daraja la tatu. Wajane wawili wa Shinyanga, jirani zetu, walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kuna ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta kanuni hizo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikasema nchi yetu imekiuka ahadi yake. Hapa ndipo penye fundo. Ukimwambia baba asijali jinsi ya mtoto huku daraja la tatu limeandikwa, unamwomba awe na moyo mzuri kuliko sheria yake.

Simu ya dada

Niliahidi kueleza kwa nini nilinyamaza. Dada yangu mkubwa ana mabinti watatu. Alipopata mimba ya nne, ukweni wakamwambia aende kupiga picha ya tumbo "ili tujue". Akaenda. Akaambiwa wa kike. Shemeji si mtu mbaya. Alinyamaza tu, na kitanda cha mtoto alichokuwa akikiranda kikabaki kimeegeshwa ukutani. Nduguze wakaanza kuzungumza habari ya mke mwingine bila kushusha sauti. Kisha mmoja wa wanawake wa upande ule akamwuliza dada, kwa upole kabisa, mimba ya miezi mingapi bado inasikia dawa.

Dada alikataa, akanipigia simu usiku akilia. Naye akasema, "Wewe unasoma, niambie la kuwajibu." Na mimi, mwanafunzi wa fasihi, niliyekwisha kuandika insha juu ya mfumo dume na kupata alama nzuri, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Kwani walisema ni nini?"

Alishaniambia. Nilikuwa nimesikia. Niliuliza tu, kwa mazoea. Ndiyo maana semina ile sikuweza kusimama.

Hitimisho

Kwa kumalizia, naona kazi yetu wahakiki si kungoja takwimu za wasichana waliopotea ndipo tuandike. Bunge lifanye la kwake: lile daraja la tatu lifutwe, kwa sababu kila senti ya urithi ni hoja ndani ya chumba cha uzazi. Hospitali zifanye la kwake. Sisi tunaweza kufanya mawili. Tumsome Rosa Mistika upya, tukianzia kwenye nyumba yenye mabinti wengi badala ya kuanzia kwenye fimbo. Na tukusanye majina ya nyumbani, akina Tosha na Sikudhani, tuyachambue kama tunavyochambua methali na vitendawili, maana ni fasihi simulizi iliyo hai na yenye kuuma. Nawaomba walimu wetu walifikirie hilo kwa miradi ya mwaka wa tatu.

Mtoto alizaliwa salama mwezi uliopita. Mama ndiye aliyenipigia simu kutoka Ng'ambo. Safari hii nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mtihani. Niliuliza hali ya dada, kisha nikauliza: "Anafanana na nani?" Mama akakaa kimya kidogo, kana kwamba simu imekatika. Halafu akacheka, akasema, "Bibi yake Sikudhani mtupu. Tena ana sauti huyo! Lakini Tosha, mbona hujauliza kapata nini?"